Sauti Inayomtaja Jirani

Kijana akirudi nyumbani kutoka machimboni akiwa anajibizana na mtu asiyeonekana, familia za huku Kahama huwa na maswali mawili. La kwanza ni la zamani: nani kamfanyia? La pili limekuja juzijuzi, tangu watu wazoee habari za mashine za picha: tumpeleke Mwanza akapigwe picha ya kichwa, tuone damu inapita wapi na imekwama wapi? Mimi nasema maswali yote mawili yana jibu moja, na jibu hilo limekuwa likiandikwa kwenye majarida ya tiba kwa miongo kadhaa. Mgonjwa wa skizofrenia anayesema anasikia sauti anazisikia kweli, kwa sababu ubongo wake uko kwenye kazi ya kusikia. Lakini maneno ya sauti hizo hutungwa na ubongo uleule unaozisikia. Sauti basi haina habari ambayo mwenyewe hana, na ikitaja jina la jirani, jina hilo haliwezi kutumika kama ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Kwingine hoja hii ingebaki mezani kwa wataalamu. Hapa inagusa uhai wa watu. Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyechunguza mauaji ya tuhuma za uchawi, alionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya matukio ilikuwa Usukumani. Bibi vikongwe walihukumiwa kwa wekundu wa macho, wekundu ulioletwa na miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba ndani ya jiko lisilo na dirisha. Sisemi mauaji hayo yaliletwa na wagonjwa wa akili. Mengi yalipangwa na watu wenye akili zao timamu, na baadhi yao walikuwa na jicho kwenye shamba au mifugo ya marehemu. Ninachosema ni kwamba tuhuma hutafuta pa kushika. Mgonjwa anayepiga kelele usiku kwamba mama fulani anamwita, anataka kumla, huipa familia yenye shaka kitu kinachofanana na ushuhuda wa aliyeona kwa macho. Kuanzia hapo jina huenda kwa mganga, kwa mganga likathibitishwa, na likirudi kijijini limekwisha kuwa hukumu.

Tuanze na damu yenyewe. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna akiba ya maana, kwa hiyo hulishwa papo kwa papo. Kundi la seli likianza kazi, kemikali zinazotoka hapo hulegeza mishipa midogo ya jirani, na ndani ya sekunde chache damu huongezeka mahali hapo tu. Waingereza wawili, Charles Roy na Charles Sherrington, walilieleza jambo hili mwaka 1890, na picha zote za ubongo unaofanya kazi tunazoziona leo zimesimama juu yake. Kinachopigwa picha, kwa hiyo, ni chakula kinavyopelekwa. Kazi yenyewe haionekani. Ukisimama kwenye machimbo ya Mwime ukahesabu madumu ya dizeli yanayoingia kila karasha, utajua karasha ipi inasaga na ipi imelala. Hutajua mawe yake yana dhahabu kiasi gani, wala nani aliamua yasagwe leo.

Mwaka 1993 Philip McGuire na wenzake wa London walichapisha kwenye Lancet uchunguzi wa wanaume 12 wenye skizofrenia. Walipima mzunguko wa damu kichwani wakati sauti zinasikika, kisha wakawapima watu walewale baada ya miezi kadhaa, sauti zilipokuwa zimetulia. Tofauti ilijitokeza kwenye eneo la Broca, upande wa kushoto mbele, ambalo hutumika kuunda maneno tunapozungumza. Hebu tulia hapo kidogo. Ungetegemea mtu anayesikia awashe masikio. Hawa walikuwa wamewasha mdomo. Miaka miwili baadaye David Silbersweig na wenzake waliwalaza wagonjwa kwenye mashine nyingine na kuwaambia wabonyeze kitufe kila sauti inapoanza. Damu iliongezeka kwenye sehemu za ndani kabisa za ubongo, zikiwemo zile zinazohusika na kumbukumbu na zile zinazoamua jambo gani lipewe uzito. Mwaka 1999 timu ya Thomas Dierks ilionyesha kwamba hata gamba la kusikia, sehemu inayopokea mlio kutoka sikioni, huamka wakati wa sauti hizo, ingawa chumbani hakuna aliyefungua kinywa. Uchunguzi huo ulikuwa wa watu watatu tu, lakini ulichoonyesha kinafanana na kile ambacho kila mgonjwa amekuwa akituambia: nasikia, sifikirii tu kwamba nasikia.

Sasa inakuwaje mtu asitambue maneno yake mwenyewe? Kila mmoja wetu huzungumza kimoyomoyo mchana kutwa. Unahesabu chenji, unajibu hoja ya mkeo ukiwa njiani, unajilaumu. Ubongo unapoandaa maneno, hutuma taarifa kwa sehemu ya kusikia: haya yanayokuja ni yangu, usishtuke. Vipimo vya umeme wa ubongo, hasa vya Judith Ford na Daniel Mathalon wa Marekani, vimeonyesha kwamba kwa mtu mwenye afya sehemu ya kusikia hutulia anapozungumza mwenyewe, na kwa wenye skizofrenia utulivu huo hupungua. Taarifa ya "ni yangu" haifiki ipasavyo. Wazo la kawaida la kujilaumu linaingia bila jina la mwenyewe, na akili hulitafutia msemaji.

Kuna ushahidi mwingine wa zamani zaidi ambao naupenda kwa sababu hauhitaji mashine. Mwaka 1987 watafiti wawili, Bick na Kinsbourne, waliwaambia wagonjwa 18 wapanue vinywa kabisa wakati sauti zinapokuja. Kati yao 14 walisema sauti zilikoma. Jaribio la baadaye halikupata matokeo hayohayo kwa kupanua kinywa, lakini liligundua kwamba kuimba kwa kuguna, midomo ikiwa imefumbwa, kuliwapunguzia wagonjwa sauti. Ukishaipa mitambo ya maneno kazi nyingine, nafasi ya sauti hupungua.

Sitaki msomaji aondoke akidhani mambo yamemalizika. Mwaka 2008 Iris Sommer wa Uholanzi aliwapiga picha wagonjwa 24, na kwa jumla kilichowaka zaidi kilikuwa upande wa kulia, ule unaolingana na eneo la Broca lakini wenye maneno machache na mafupi, mengi ya matusi. Kwangu hilo linaeleza kwa nini sauti nyingi hutukana kwa neno mojamoja badala ya kuhutubia. Wengine husikia kumbukumbu za vitisho walivyopitia, wengine milio isiyo na maneno. Njia ni zaidi ya moja. Hakuna hata moja kati yake inayohitaji mtu wa nje.

Na kama tunataka kujua sauti inatoka wapi, tusikilize inasema nini. Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake waliwahoji wagonjwa 60 wa miji mitatu, na matokeo yakatoka 2015. Wa California wengi walisikia amri za kikatili kutoka kwa wasiowajua. Wa Chennai, India, wengi walisikia ndugu, mara nyingine wakiwakumbusha kazi za nyumbani. Wa Accra, Ghana, wengi walimsikia Mungu. Hapa kwetu sauti huzungumza Kisukuma, Kinyamwezi, Kisumbwa au Kiswahili, kutegemea mgonjwa amelelewa kwa lugha gani. Huwajua masamva, yaani mizimu ya ukoo. Huijua ndagu, kafara ya kutafutia utajiri. Humtaja jirani ambaye familia nzima imekuwa ikimnong'ona tangu mwaka ule ng'ombe walipokufa. Sauti iliyotumwa na mchawi ingepaswa angalau mara moja kusema jambo ambalo nyumba hiyo hailijui.

Hapo ndipo ndagu inaponigusa kwa namna ya pekee. Ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kakola na Segese mpaka Geita, una maelezo tayari kwa kila kijana anayechanganyikiwa: kaka yake au tajiri wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kamtoa akili ili mwamba utoe. Nimeyasikia maelezo haya mara nyingi kiasi kwamba naelewa nguvu yake. Kweli, vijana wengi huchanganyikiwa wakiwa machimboni, na kweli, baadhi ya mabosi wao hutajirika. Lakini angalia umri. Skizofrenia kwa wanaume huanza zaidi kati ya miaka ya mwisho ya ujana na katikati ya ishirini, umri uleule ambao mvulana wa Ushetu au Msalala hubeba begi kwenda kwenye rashi, machimbo mapya yanayokimbiliwa na wengi. Huenda angeugua hata kama angebaki analima mpunga, ila hapo pasingekuwa na tajiri wa kulaumiwa. Machimbo huongeza juu yake usiku wa kukesha, gongo, kuwa mbali na mama anayeweza kugundua mabadiliko mapema, na bangi. Kuhusu bangi sina haya kusema wazi, maana wako wanaoiita dawa. Uchunguzi wa vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini nchini Sweden, uliochapishwa 1987, ulikuta waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 wana hatari ya skizofrenia takriban mara sita ya wasiovuta. Hesabu zilizofanywa baadaye kwa kuzingatia mambo mengine ziliipunguza tofauti hiyo. Hazikuifuta.

Zebaki nayo hubebeshwa mzigo usio wake. Anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye moto wa wazi huvuta mvuke wenye sumu, na uchunguzi uliofanywa Rwamagasa, Geita, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa ulikuta dalili za sumu hiyo hasa kwa wachomaji. Dalili zenyewe ni mikono kutetemeka, kuyumba, ladha ya chuma mdomoni, usingizi kupotea, hasira za haraka. Mtu wa namna hiyo apimwe mkojo na aondolewe kwenye mvuke. Lakini kijana ambaye mikono yake imetulia kabisa, anatembea sawasawa, na anasikia watu wawili wakimjadili kila afanyalo, ugonjwa wake ni mwingine, na kumnywesha maziwa ya kuondoa sumu ni kupoteza wiki.

Nirudi kwenye damu, kwa sababu ndiyo inayokamua mifuko. Wapo wanaoamini damu imejaa kichwani, hupigwa chuku na kuchanjwa chale kwenye paji la uso. Wapo wanaoamini damu haifiki, huuziwa vidonge vya kusafisha mishipa. Seymour Kety wa Marekani alilipima jambo hili mwaka 1948, kwa kumvutisha mtu gesi isiyo na madhara makubwa na kulinganisha damu inayoingia kichwani na inayotoka. Jumla ya damu inayopita kwenye ubongo wa mgonjwa wa skizofrenia haikutofautiana na ya mtu mwenye afya. Mabadiliko ninayoyaeleza hapa ni ya kuhama, sehemu hii ikapata zaidi na ile pungufu kwa dakika chache, ndani ya jumla ileile. Isitoshe ngozi ya kichwa na ubongo hulishwa na matawi tofauti ya mishipa ya shingo. Kikombe cha damu kilichovutwa utosini kimetoka kwenye ngozi.

Picha ya Mwanza, basi? Mashine za CT ambazo familia huuza ng'ombe ili kuzifikia huonyesha umbo la ubongo: uvimbe, damu iliyovuja, kovu la jeraha. Hazionyeshi sauti. Na zile za watafiti huonyesha wastani wa kundi la watu. Hakuna daktari popote duniani anayeweza kutazama picha ya mtu mmoja akasema huyu anasikia sauti na huyu hasikii. Picha ina maana pale kijana alipoangukiwa na udongo au matimba ndani ya duara, anapopata degedege, mkono mmoja unapolegea, au ugonjwa unapoanza ghafla baada ya umri wa miaka hamsini. Na kama amechanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili, ana homa, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, huyo ni wa dharura usiku huohuo, kwa sababu malaria ya ubongo na maambukizi mengine huanza hivyo na huua. Kwa wengine wote utambuzi hutokana na mazungumzo marefu na mgonjwa na ndugu zake, ambayo hayahitaji umeme.

Si kila sauti ni ugonjwa. Daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, aliwahoji wajane na wagane 293, na mwaka 1971 akaeleza kwamba karibu nusu yao waliwahi kumhisi, kumwona au kumsikia marehemu mwenzi wao. Mama anayesikia marehemu mumewe akimwita mara moja alfajiri, kisha akaamka akaenda shambani, hahitaji dawa. Hata mganga anayesema masamva humjia usingizini na anaendelea kulea watoto wake sina ugomvi naye kwa hilo. Naangalia mambo mengine: je, analala? Anaoga? Anafanya kazi? Sauti inamwamuru, naye anaitii?

Kosa la ndugu wengi wenye nia njema ni kumwambia mgonjwa, "Hakuna sauti, acha upuuzi." Gamba lake la kusikia limewaka, umemwambia mtu kwamba hasikii anachokisikia, na kuanzia hapo anajua wewe huelewi. Kosa la pili, baya zaidi, ni kumuuliza sauti imesema nani. Namshauri ndugu aseme hivi: "Najua unaisikia, mimi siisikii, naona inakuchosha, twende tukapate dawa." Halafu asimjadili jirani kabisa.

Dawa nazo tuzielewe zilivyo. Haloperidoli, klorupromazini na sindano ya flufenazini ya kila mwezi hazitulizi sauti kwa kugusa mishipa ya damu. Hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayofanya jambo dogo lionekane zito na lenye kumhusu mtu. Sauti zikififia, damu hurudi kwenye mkao wake yenyewe. Lipo tatizo moja linaloharibu imani kuliko yote. Siku za mwanzo za haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda, macho yakaganda juu, ulimi ukatoka nje. Ni madhara ya dawa, hutibika kwa saa chache kwa benziheksoli ambayo wengi huiita Artane. Familia isiyoambiwa mapema huona mchawi amejibu mapigo, humng'oa mgonjwa wodini usiku, na kituo chao kinachofuata ni kwa mganga. Kila anayeandika haloperidoli bila kuwaonya ndugu juu ya shingo, na bila Artane kwenye duka la dawa la kituo, anamtengenezea mganga wateja.

Kuhusu nini kifanyike, ningeanza na Sungusungu. Jeshi hili la jadi lilizaliwa mpakani mwa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado linasikilizwa vijijini kuliko ofisi yoyote. Makamanda wake wakubaliane na kanuni moja: jina lililotajwa na mtu anayesikia sauti halifunguliwi kesi, halipelekwi kwa mpiga ramli, na mwenye kutajwa analindwa. Waganga nao wengi wao si maadui. Mgonjwa atakwenda kwao kwanza, tupende tusipende, na mganga anayekubali kutomfunga minyororo, kutomkata usingizi kwa ngoma za usiku kucha, na kumruhusu aendelee na sindano, mimi nitakaa naye meza moja. Familia yenyewe ifundishwe. Mradi uitwao KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, umefanya hivyo Dar es Salaam na Mbeya kwa kuwakutanisha wagonjwa na ndugu zao pamoja. Kanda ya Ziwa haina sababu ya kusubiri. Na nchi hii iliwahi kufikiri kwa upana kuliko wodi: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ilijenga vijiji vya kilimo ambako wagonjwa waliishi na ndugu na kulima, mpango ambao Profesa Gad Kilonzo na mwenzake waliupitia upya kwenye maandishi yao ya 1998.

Lakini la haraka zaidi ni sindano ya mwezi, kwa sababu mchimbaji hakai. Leo yuko Kakola, rashi ikitokea Nyarugusu atakuwa amehama kabla ya kliniki ijayo, na kliniki ya akili ya huko haimjui. Apewe kadi yenye jina la dawa, kipimo, tarehe ya sindano iliyopita na namba ya simu ya kituo kilichomchoma. Muuguzi wa zahanati yoyote iliyo karibu na mialo ya kusafishia dhahabu afundishwe kuisoma, na flufenazini iwekwe kwenye kabati lake pamoja na Artane. Anayeulizia sindano yake asiambiwe arudi alikotoka.